Vibaba Kumi vya Bi Wanu

Kwa miaka sita Bi Wanu binti Jecha hakuwahi kukaa kitako mpaka akachoka kukaa. Kila alipokaa, aliinuka. Alikuwa mtu wa Makunduchi, na kazi yake mjini ilikuwa kumtunza Hawabai, bibi wa Kihindi wa madhehebu ya Kibohora, aliyepigwa na kiharusi upande wake wote wa kulia ukafa. Waliishi mtaa wa Kiponda, katika nyumba ya ghorofa mbili. Chini palikuwa na duka la Tayabali, mtoto wa pekee aliyesalia kwa Hawabai, lililouza misumari, kufuli na rangi. Juu waliishi Tayabali na mkewe Roshan na watoto wao watatu. Juu kabisa, katika chumba chenye dirisha moja la kutazama kichochoro, walikaa Hawabai na Wanu.

Asubuhi Wanu alimgeuza, akamwosha, akampaka mafuta ya nazi mgongoni palipokuwa tayari kuchubuka, akambadilisha shuka, akamlisha. Adhuhuri alimgeuza tena. Alasiri alimkalisha dirishani kwa mito mitatu ili apate kuwatukana wapitao. Usiku alijilaza kwenye mkeka chini ya kitanda, na kamba nyembamba ilitoka mkono mzima wa Hawabai mpaka kifundo cha mguu wa Wanu, ili bibi akihitaji kitu avute tu, asisumbuke kuita.

Hakuna aliyemtesa. Hilo lazima lisemwe, maana hadithi za watumishi hupenda kuanza na kofi. Wanu alikula sinia moja na Hawabai, wakaanza kila chakula kwa chembe ya chumvi kama ilivyo desturi ya Mabohora, na bibi akimsogezea minofu kwa mkono wake wa kushoto. Mshahara ulitoka kila mwisho wa mwezi bila ya kuombwa. Idd kwa Idd alipata jozi ya kanga. Watoto walimwita bibi. Tayabali akiwa na wageni alipenda kusema, "Huyu si mtumishi, huyu ni mtu wa nyumbani," na wageni walitikisa vichwa kwa kuona wema huo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa nyumbani, hakuna aliyefikiri kwamba anahitaji siku ya kupumzika mbali na nyumba hiyo.

Mwaka wa hamsini na sita, kipupwe kikiwa katikati, mkwewe alikuja mjini. Pandu alikuwa mume wa Mwanaasha, mtoto pekee wa Wanu. Alisimama mlangoni mwa duka, ubavu kwa mama mkwe wake kama inavyompasa mkwe, macho akiyaelekeza kwenye ndoo za rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanaasha hajambo?"

"Hajambo. Mkunga anasema zimebaki wiki saba. Kanituma neno. Anasema safari hii asizae peke yake."

Wanu alijifanya anakunja upindo wa kanga. Neno "safari hii" lilikuwa limemchoma, na Pandu alijua, ndiyo maana alizidi kuzitazama ndoo.

Kwao, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Binti hurudi nyumbani kwao mimba ikiwa nzito, mama akamzalisha pamoja na mkunga, akamkanda kwa maji ya moto, akamfunga tumbo, akampikia uji wa pilipili manga, na hamwachi mpaka arobaini. Miaka miwili nyuma, Mwanaasha alipokuwa na mimba ya kwanza, nyumba ya mama yake Makunduchi ilikuwa imefungwa kwa kufuli la dukani kwa Tayabali. Alizalia ukweni. Mtoto aliishi siku tatu. Wanu alipewa ruhusa ya siku moja. Alifika kwa gari la asubuhi akakuta kaburi, akamshika binti yake mpaka alasiri, akarudi kwa gari la jioni, kwa sababu Hawabai alikuwa hajageuzwa tangu alfajiri. Mwanaasha hakumlaumu. Alimsindikiza mpaka barabarani, maziwa yakimlowesha nguo.

"Mwambie nakuja," Wanu alimwambia Pandu.

Siku nne zilipita kabla hajapata la kumwambia Tayabali, na siku hizo nne hakuna chombo kilichokaa mahali pake mikononi mwake. Alivunja bilauri mbili. Alipika chai akasahau majani.

"Una mdudu gani leo?" Hawabai akamwuliza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Sina kitu, Bi Mkubwa."

"Huna kitu na bilauri zangu zinakwisha."

Siku ya tano alimkuta Tayabali peke yake, anapima misumari kwenye mizani. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi na haraka.

"Bwana Tayabali, nnaomba ruhusa. Mwanangu anakaribia kuzaa. Nnataka niende nikamlee mpaka arobaini."

"Siku arobaini!" Misumari ilimwagika. "Bi Wanu, na mama?"

"Atafutwe mtu."

"Mtu gani? Yule wa kwanza alimwangusha. Wa pili alikimbia baada ya siku tisa. Mama hashikwi na mtu isipokuwa wewe." Akainua kichwa, na sauti yake ikawa laini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Wewe mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani anaomba ruhusa ya kuondoka nyumbani kwake? Halafu uliapa, Bi Wanu. Mimi nilikuwepo. Uliapa mbele ya mama."

Ni kweli, aliapa. Mwaka ule wa kwanza, baada ya yule wa pili kukimbia, Hawabai alilia siku mbili kwa jicho moja, maana jingine lilikuwa halitoi machozi. Akakataa chakula mpaka Wanu aape. Msahafu ukaletwa. Wanu akatawadha, akaweka mkono, akasema: "Wallahi, billahi, tallahi, sitakuondokea maadamu u hai." Alisema kwa huruma. Siku ile Mwanaasha alikuwa bado mwari, na mambo ya kuzaa yalikuwa mbali. Tayabali aliona kiapo kile kinatosha kuliko mkataba wowote, na kwa kweli hakuwahi kuandika mkataba.

Wanu akarudi juu. Siku nyingine nne zikaondoka hivi hivi.

Kichochoro cha Kiponda ni chembamba kiasi kwamba madirisha yanayotazamana yanaweza kupeana chumvi. Dirisha la mbele lilikuwa la nyumba anamofanya kazi Mashavu, yaya wa watoto wawili, mwanamke mnene wa mtaa wa Ng'ambo asiyejua kunong'ona.

"Mbona umekonda, we Wanu?" alimwita huku anaanika winda la mtoto.

Wanu alimweleza kwa sauti ndogo, Hawabai akiwa amelala.

"Mtu wa nyumbani!" Mashavu akacheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni kikaanguka kichochoroni. "Akifa bibi, utarithi? Utapewa ghorofa ya chini au ya juu?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Mimi bwana wangu alipotaka kunizuia, nilikwenda ofisi ya kazi. Kuna bwana mmoja anaitwa Mabrouk, ana miwani na dharau, lakini anajua sheria. Kamwone."

"Na kiapo?"

Hata Mashavu alikuwa na mahali pa kunyamaza. "Hilo sijui," akasema. "Lakini anza na linalojulikana."

Wanu alikwenda siku aliyotumwa dawa hospitali. Alikwenda mbio, maana alijua dakika za kwenda na kurudi zinavyohesabiwa, na alifika akihema. Bwana Mabrouk alikuwa karani wa makamo, na mbele yake palikuwa na rundo la karatasi lililozuiwa na jiwe.

"Umeajiriwa na nani?"

"Sikuajiriwa. Mie mtu wa nyumbani."

"Unalipwa?"

"Nalipwa. Kila mwezi."

"Basi umeajiriwa." Akaandika. "Siku yako ya mapumziko ni ipi?"

"Siku ya nini?"

"Ya kupumzika, mama. Katika wiki."

Wanu akafikiri kwa makini, maana hakutaka kusema uongo mbele ya serikali. "Bibi akilala mchana, na mie hukaa."

Karani akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Saa ngapi unaanza kazi na saa ngapi unamaliza?"

"Sijapata kumaliza."

Bwana Mabrouk akaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. Alimwambia kwamba likizo ni jambo la kukubaliana na mwajiri, naye hawezi kumkubalisha Tayabali kwa nguvu. Lakini kuondoka ni haki yake. Mtu anayelipwa kwa mwezi hutoa ilani ya mwezi mmoja, siku zake zikitimia anatoka, hana wa kumshika. Na mwajiri vile vile: akitaka kumwondoa, mwezi. "Mambo ya mtu wa nyumbani wayaseme sebuleni kwao," akasema. "Hapa yuko mwajiri na yuko mfanyakazi."

Akamwandikia ilani, akaacha nafasi ya tarehe. "Siku utakayompa, andikisha tarehe. Mwezi unahesabiwa kuanzia hapo. Ukichelewa kumpa, unajichelewesha mwenyewe."

"Na yamini, bwana? Niliapa."

Karani alianza kucheka, kisha akaona uso wake akaacha. "Hiyo haimo katika kabati hili, mama. Hiyo nenda kwa wenyewe."

Wanu akatoka na barua ndani ya upindo wa kanga. Zilibaki wiki tano na nusu. Barua ilikuwa nyepesi, lakini alitembea kama aliyebeba kitu cha kuvunjika. Kila siku aliyolala nayo ilikuwa siku moja iliyokatwa kutoka upande wa Mwanaasha, na bado hakuweza kuitoa. Sheria ilikuwa imemfungulia mlango mmoja. Ule mwingine aliufunga yeye mwenyewe kwa mkono wake juu ya Msahafu. Alfajiri aliposali alisimama kwenye rakaa akasahau ni ya ngapi.

Siku ya tatu alijitia kwenda sokoni kununua ndimu, akapita chuoni kwa Maalim Silima, mzee anayesomesha Kurani nyuma ya soko, akangoja nje mpaka wanafunzi wakatawanyika. Akamweleza yote bila ya kujipunguzia.

"Uliapa kufanya kheri," maalim akasema.

"Naam."

"Na sasa kuna kheri nyingine inayokuita, tena ya damu yako."

"Naam, maalim."

"Mwenye kuapa kisha akaona lililo bora kuliko alichoapia, na afanye lililo bora, na yamini yake aitolee kafara. Dini haikumfunga mtu kamba ya kumnyonga." Akakuna ndevu. "Lisha maskini kumi."

"Nilidhani nitafunga siku tatu. Kufunga nakuweza."

"Kufunga ni kwa asiyeweza kulisha. Wewe una mshahara. Usichague jepesi. Kibaba kimoja cha mchele kila mtu, na wawe watu kumi, si mtu mmoja mara kumi. Unaweza kutoa kabla hujaondoka."

Wanu alifarijika kiasi cha kusahau ndimu.

Mchele aliununua Mashavu, akamtupia mfuko kwa mfuko kupitia dirishani, huku akiuliza kwa sauti ya mtaa mzima kama kuna harusi. Vibaba kumi vikafungwa katika vitambaa kumi vilivyokatwa kutoka kanga kuukuu. Lililobaki lilikuwa maskini. Mtu asiye na hata dakika kumi zake atawapata wapi maskini kumi? Mtu mwenye siku yake angekwenda Ng'ambo, angezunguka misikitini, angetoa kwa siri. Wanu hakuwa na siku. Alikuwa na mlango wa duka tu, na Ijumaa, kwa sababu Ijumaa maskini wa mji hupita duka kwa duka kupokea senti zao, na duka la Tayabali halikuwahi kuwarudisha.

Basi Ijumaa ile, saa tatu asubuhi, alipomaliza kumlisha Hawabai, alishuka na kikapu. Maskini walikuwa wamejipanga ukutani: vipofu wawili na kiongozi wao, mama mwenye mguu mmoja, wazee. Tayabali aligawa senti, na hatua tatu mbele Wanu aligawa vitambaa.

"Mmoja. Wa pili. Wa tatu." Alihesabu kwa midomo. Mzee mmoja akapokea, akazunguka, akaja tena.

"Wewe nshakupa."

"Mimi si yule."

"Wewe ndiye yule, babu, kofia yako ina tundu pale pale."

"Basi nipe kwa ajili ya tundu," akasema mzee, na maskini wote wakacheka. Wanu hakuweza kucheka. Alimpa wa kumi, mama wa mguu mmoja, kisha akabaki ameshika kikapu kitupu.

Alipogeuka, Tayabali alikuwa anamtazama. Alikuwa amezoea kupima na kuhesabu tangu utoto, na alikuwa mtu wa dini.

"Kumi," akasema taratibu. "Kibaba, kibaba. Kumi."

Wanu alikishusha kikapu chini.

"Umevunja kiapo cha mama yangu mlangoni kwangu, Bi Wanu? Mbele ya maskini wangu?"

"Sikuwa na pengine pa kwenda," akasema. Ilikuwa kweli tupu, lakini masikioni mwa Tayabali ilisikika kama kiburi. Hapo ndipo akatoa barua kwenye upindo. "Na hii ni yako. Andika tarehe ya leo."

Tayabali akaisoma. Masikio yake yakawa mekundu. "Ofisi ya kazi! Miaka sita unakula sinia moja na mama yangu, unanipeleka ofisini! Basi ondoka leo. Panda, funga mzigo wako, ondoka!"

Mguu mmoja wa Wanu ulikuwa tayari umeelekea kwenye ngazi. Leo! Jioni angekuwa Makunduchi. Lakini mwili wake ulijua jambo ambalo hasira ya Tayabali haikulijua: adhuhuri ingefika, na mgongo wa bibi ulikuwa unangoja kugeuzwa.

"Siondoki leo," akasema. "Mwezi ni wangu na mwezi ni wako. Wangu nitaufanyia kazi. Wako utafutie mtu, na mie nitamfunza. Andika tarehe."

Akaandika. Kalamu ilitoboa karatasi.

Mwezi ule ulikuwa mrefu kuliko miaka sita. Tarehe ya kutoka ilikuwa siku tatu tu kabla ya siku aliyoitaja mkunga, na siku za mkunga si za serikali. Mtoto hatoi ilani. Kila gari la Makunduchi lililofika kituo cha Darajani lilimpandisha Wanu roho mdomoni. Alimwomba Mashavu aulizie kwa makondakta, na kila jioni Mashavu alipiga kelele dirishani, "Bado!", na mtaa wote ukajua nini bado.

Hakupatikana mtu. Wanawake watatu walikuja, wakamwona Hawabai, wakasikia habari ya kulala na kamba mguuni, wakaaga kwa adabu. Kwa hivyo Wanu akamfunza Roshan. Roshan alikuwa mwanamke mzuri wa miaka thelathini na mmoja, mwoga wa mama mkwe wake, ambaye kwa miaka sita aliingia chumba kile kuamkia tu.

"Kumbe mzito hivi?" alisema siku ya kwanza, jasho linamtoka.

"Si mzito, Bi Roshan. Umemshika kama gunia. Mshike kama unamkumbatia. Mkono huu chini ya bega. Sasa yeye na wewe mwende pamoja."

"Na wewe ulikuwa unafanya hivi mara ngapi?"

"Mara sita, saba. Nne za usiku."

Roshan alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama mikono yake. Tangu siku ile alianza kuja bila ya kuitwa. Siku moja alimkuta Wanu amesinzia wima dirishani, akamgeuza bibi peke yake, vibaya, lakini akamgeuza.

Aliyemshinda Wanu ni Hawabai. Alipoambiwa, hakulia na hakutukana. Aligeuza uso ukutani, na chakula cha jioni kilipoletwa akamwambia Roshan, "Mwambie huyo mfanyakazi aweke sahani, aende zake."

Mfanyakazi. Lilikuwa ndilo neno la Bwana Mabrouk, lile lile lililompa haki yake, na Wanu hakujua kwamba neno la haki linaweza kuuma namna ile. Alikula peke yake chini ya ngazi bila chumvi ya mwanzo. Kwa wiki tatu aliugeuza mwili ule, akauosha na kuupaka mafuta, na mwenye mwili hakumwambia neno. Mara nyingi alifikiri kuichana barua. Tena alimwona Mwanaasha barabarani, na maziwa kwenye nguo, na hakuichana.

Asubuhi ya siku ya kutoka, Roshan aliamka na homa. Tayabali alipanda mpaka juu, jambo ambalo halikuwa desturi yake saa za kufungua duka, akasimama kizingitini. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo aliloliogopa Wanu.

"Siku tatu, Bi Wanu. Siku tatu tu, mpaka Roshan apone. Sikuombi kama mwajiri. Nakuomba."

Furushi la nguo lilikuwa limeshafungwa. Gari lilikuwa linaondoka Darajani saa nne. Wanu alisimama katikati ya chumba na mikono yake ilikuwa haijui iende wapi. Alisikia mdomo wake unafunguka kusema ndiyo.

"Tayabali," Hawabai akasema akiwa ameelekea ukutani. "Nimezaa mara saba."

"Najua, mama."

"Hujui. Wewe ni wa saba. Mara ya kwanza mama yangu alitoka kwetu Kach, akasafiri baharini siku ishirini na tano, akafika amevimba miguu, akanikanda. Mtoto hakuishi. Lakini mama alikuwepo." Akapumua. "Funga duka, unigeuze wewe. Ulitoka kwangu, hutaona kitu kigeni."

Wanu akasogea kitandani, akataka kuushika ule mkono mzima.

"Sijakusamehe, Wanu," Hawabai akasema, na mkono akauficha chini ya shuka. "Nenda, gari litakuacha."

Mwanaasha alishikwa na uchungu usiku wa pili, kabla ya siku aliyoitaja mkunga. Alizalia katika nyumba ya mama yake, ambayo ilikuwa imefunguliwa na kufagiliwa na kufukizwa. Ilikuwa taabu, mtoto alitanguliza makalio, na mkunga alipochoka ni mikono ya Wanu, iliyozoea kuinua mwili wa mtu bila ya kuuumiza, iliyomshika binti yake mpaka mwisho. Alitoka mtoto wa kike akiwa rangi ya kijivu, kisha akalia. Siku ya tatu Wanu hakulala hata kidogo. Alikaa na kiganja kifuani pa mtoto kuhesabu pumzi. Siku ya nne ikaja. Mtoto alikuwa ananyonya.

Siku ya kumi na moja gari dogo lilisimama nje ya ua. Tayabali alishuka na kofia yake nyeupe, amepungua, shingo imeingia kwenye kola. Mwanamume hawezi kuingia penye mzazi ambaye hajamaliza arobaini, kwa hivyo alisimama juani, na Wanu akatoka mpaka kwenye uzio.

"Hongera ya mtoto."

"Tumshukuru Mungu. Bi Mkubwa?"

"Mgongo umechubuka." Aliona haya. "Mchana Roshan, usiku mimi. Sijui ulikuwa unaishi vipi. Nimekuja nikuombe urudi arobaini ikimalizika. Kwa kuandikiana."

Akatoa karatasi. Pandu, mumewe Mwanaasha, aliitwa aisome, naye akaisoma ubavu kwa mama mkwe wake, uso kwa uzio wa makuti, kama anayeusomea ukuti. Ijumaa ni siku yake. Usiku atakuwepo mtu mwingine wa kupokezana. Kila mwaka wiki tatu za likizo. Akifiwa au mwanawe akizaa, ataondoka.

"Soma tena hapo pa kuzaa," Wanu akasema.

Pandu akasoma tena.

"Na mama ana neno," Tayabali akaongeza, akiutazama mchanga. "Anasema haya ya karatasi si kitu. Anataka uape kwamba utarudi."

"Mwambie siapi."

"Bi Wanu—"

"Nampenda. Mwambie hivyo. Lakini siapi tena, si kwake, si kwa mtu. Niachie karatasi. Siku ya arobaini na moja, nikija, nitakuja nayo nitie dole gumba."

"Na usipokuja?"

Tayabali alingoja, kisha akaiacha karatasi juu ya uzio, akarudi garini. Gari lilikataa kuwaka mara mbili. Wanu alibaki amesimama mpaka lilipoondoka, akijizuia asiulize jeraha la mgongo lina upana gani, na kama wanalikausha au wanalifunika.

Ndani, Mwanaasha alikuwa amekaa, mtoto akinyonya.

"Utarudi kwao, mama?"

"Sijui."

Alilitamka kwa shida, kama neno la lugha ya watu. Kisha akavuka chumba, akarudi, akavuka tena, akachochea moto, akatia majani ya mpera ndani ya sufuria. Maji yalipoanza kuchemka alikunja mikono ya nguo, akamwambia binti yake alale kifudifudi, wakati wa kukandwa umefika.